Bilha Akaingia Jikoni

Nilisimamisha picha Bilha akiwa ameinua mkono, karatasi ikiwa shibiri moja kutoka kwenye moto. Nikaandika katika safu ya kulia: Anaichoma hati mbele ya shemeji yake. Katika safu ya kushoto, ambayo ilikuwa ya kitabu, niliandika: Haichomi. Anatoka kwa mlango wa nyuma alfajiri, anaipeleka mjini Moi's Bridge. Pembeni nikatia namba. Tofauti hiyo ilikuwa ya kumi na moja.

"Hapo ndipo walinishikia, khocha," Nabwile alisema.

"Najua. Ngoja nimalize mstari."

Tulikuwa katika chumba cha nyuma cha duka la Jignesh, Kitale, katikati ya maboksi ya feni na redio. Jignesh ameniuzia gundi na kadibodi za kujalidia vitabu kwa miaka tisa, na Jumanne hiyo ya mwezi wa nane, mwaka 2005, aliniazima televisheni na deki mpaka saa ya kufunga duka. Filamu yenyewe ilikuwa diski mbili. Kikundi cha maigizo kilikuwa kimezunguka shule kwa shule kikiicheza jukwaani riwaya iliyoteuliwa kwa mtihani wa taifa, kisha kikairekodi na kuiuza.

Nabwile ni mtoto wa dada yangu Phelista; khocha kwa Kibukusu ni mjomba. Alikuwa kidato cha nne katika shule ya wasichana ya bweni kule Kabuchai, upande wa Bungoma. Katika mtihani wa mwigo, ule wa kujipima kabla ya wa taifa, waliulizwa waeleze jinsi Bilha, mjane wa riwaya teule, alivyoilinda hati ya shamba la marehemu mumewe. Nabwile aliandika kwamba aliichoma motoni ili shemeji yake asiipate kamwe. Wasichana wengine wawili wa darasa lake waliandika hivyo hivyo, karibu kwa maneno yale yale. Na katika kitabu hakuna moto wowote.

Naibu mkuu wa shule, Bwana Kimaiyo, alisema watu watatu hawawezi kuota ndoto moja. Aliamini kulikuwa na mwakenya, kikaratasi cha majibu kilichopitishwa kutoka mkono hadi mkono, na kwamba aliyekiandika alikiandika vibaya. Akatoa masharti. Atakayekiri kwa barua atakaa nyumbani wiki mbili. Atakayekataa atafukuzwa, na asiye na shule hafanyi mtihani wa taifa. Wawili walitia sahihi. Nabwile alikataa. Bodi ya shule ingeketi Alhamisi saa tatu asubuhi, na barua za kukiri zilitakiwa kufika ofisini Jumatano kabla ya saa kumi na moja jioni.

Nabwile alikuwa amemwambia naibu mkuu kwamba filamu waliiona likizo ya Aprili, kwenye kibanda cha video soko la Chwele. Kimaiyo akamjibu, "Basi hukusoma kitabu." Akasema amekisoma mara mbili. Akaulizwa, kama alikisoma mara mbili, huo moto aliutoa ukurasa gani?

Sikutaka kumwamini kwa sababu ni mtoto wa dada yangu, wala kumkataa kwa sababu mkubwa alikuwa ametangulia kusema. Ndiyo maana nilichora safu mbili, nikaweka nakala yangu ya kitabu gotini, nikaanza na picha ya kwanza.

Tulipofika tofauti ya kumi na moja nilizima sauti, nikaanza kumuuliza bila kufuata mpangilio.

"Bilha ana watoto wangapi?"

"Kwa kitabu ni wanne. Filamu ilimpatia wawili. Nafikiri walikosa watoto wa kuigiza."

"Nani alimwambia shemeji kwamba hati iko?"

"Kwa filamu ni jirani, yule mama wa kilemba. Kwa kitabu ni Bilha mwenyewe. Alijisahau kwa matanga, akasema."

"Ng'ombe?"

"Kwa filamu hakuna ng'ombe."

"Kwa kitabu?"

"Mmoja. Anaitwa Sitawa, na anauzwa kabla ya kesi."

Jignesh aliingia kuchukua boksi, akasimama akitutazama. "Jotham bana, wewe unatazama sinema ama unafanya hesabu?"

"Nalinganisha."

"Mimi natazama tu. Mama anachoma karatasi, shemeji analia, mimi nalia. Kwa kitabu anafanya nini?"

"Anatembea mpaka Moi's Bridge."

"Kwa miguu? Sasa nani atalipa pesa kuona mtu anatembea?" Akaondoka na boksi lake, akicheka peke yake mpaka mbele ya duka.

Nabwile hakucheka. Alikuwa akitazama daftari langu. Kati ya tofauti kumi na moja alikuwa amekijua kitabu kwenye kumi. Mtu aliyeona filamu tu hawezi kulijua jina la ng'ombe ambaye hayumo. Lakini moja ilibaki, na hiyo moja ndiyo ingemfukuza shule.

Nikajiuliza, kwa nini ni hii tu? Nikarudi nyuma kidogo.

"Niambie maneno ya kitabu kabla ya moto. Kama unayakumbuka."

Alifumba macho. "'Bilha akaingia jikoni, akafunga mlango.'"

"Halafu?"

"'Tangu siku ile, karatasi ile haikuonekana tena na jicho la mtu.'"

Niliangalia nakala yangu. Sentensi ya kwanza ilikuwa ya mwisho kabisa katika ukurasa wa 112. Ya pili ilikuwa ya kwanza katika ukurasa wa 129.

"Katikati hapo kuna nini?"

"Hakuna kitu, khocha. Unageuza ukurasa tu. Mwandishi anaruka. Si huyo huruka miaka kila mahali?"

Alisema kweli, mwandishi yule huruka. Na mtu akishaona filamu, akasoma kwamba mjane ameingia jikoni na karatasi na kufunga mlango, na kwamba tangu siku hiyo karatasi haikuonekana, atauona moto hata kama haukuandikwa. Kichwa chake kitauwasha chenyewe. Hatajua kwamba mkono mmoja ulimpa mlango na mkono mwingine ukampa kiberiti.

Nilihesabu kwa kidole. Kutoka 113 hadi 128. Kurasa kumi na sita.

Kitabu hakishonwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa hukunjwa, ikawa fungu la kurasa kumi na sita, kisha mafungu hupangwa moja juu ya jingine na kushonwa mgongoni. Riwaya ile ina kurasa 176, yaani mafungu kumi na moja. Kurasa zikipotea kwa sababu ya panya au mtoto, hupotea mbili, au nne, au kipande. Kumi na sita zikipotea safi, mwanzo wa fungu hadi mwisho wake, hazikupotelea mikononi mwa msomaji.

Vitabu vya shule ile nilivijalidi mimi.

Ilikuwa Januari. Bohari lao lilikuwa limeingia maji, na nakala arobaini zilikuwa zimelowa upande wa chini. Nilizifungua zote nyumbani kwangu Kibomet, nikakausha mafungu kwenye kamba, nikayapanga sakafuni kwa mirundo kumi na moja. Mvua isiyo ya msimu ikanyesha, paa likavuja, nikasukuma baadhi ya mirundo chini ya kitanda. Shule ilivitaka Jumatatu. Nikaokota fungu kutoka kila mrundo bila kuangalia kama upo uliokwisha mapema, nikashona, kisha nikakata pindo la chini lililooza. Namba za kurasa zilikuwa kwenye pindo hilo. Zilienda na takataka.

Wiki kadhaa baadaye nilikuta karatasi zilizokunjwa chini ya kitanda. Nilidhani ni masalio ya vitabu vibovu nilivyoruhusiwa kuvivunja. Nilizipasua vipande, nikavitumia kuimarisha migongo ya vitabu vya watu wengine. Sikumbuki zilikuwa ngapi.

"Khocha, mbona umenyamaza?"

"Nafikiri," nikasema.

Sikumwambia. Nilijiambia kwamba nataka kukiona kwanza kitabu chenyewe. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli, lakini haikuwa ya pekee. Shule sita za Bungoma ndizo zilizonilisha. Jignesh alipokuja kuzima taa nilikuwa bado nimeshika kalamu, na mstari wa kumi na moja haukuwa na neno jipya.

Jumatano tulifika Kabuchai saa saba na nusu. Phelista alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya ofisi, amevaa nguo yake ya kanisani, mkoba mapajani.

"Mmechelewa," akasema. Alitoa karatasi kwenye mkoba. "Nimeiandika. Imebaki sahihi yake tu."

Nabwile alitazama pembeni. "Mama, sikuiba."

"Nani amesema uliiba? Ni wiki mbili. Utanisaidia kupalilia, halafu unarudi. Wenzako si wametia?"

"Wametia kwa sababu wanaogopa."

"Na wewe unajifanya nani? Ogopa pia." Akanigeukia. "Jotham, mwambie. Wewe anakusikia."

"Naomba unipe mpaka saa kumi na moja," nikasema.

"Ya nini?"

"Ya kuhesabu kitu."

"Wewe na kuhesabu," akasema dada yangu, lakini alikunja barua akairudisha mkobani.

Mwalimu Sellah, aliyewafundisha Kiswahili, alikuwa katika chumba cha vitabu. Alinisalimia kwa shaka kidogo. Nilimwonyesha daftari langu, akasoma safu zote mbili polepole, kidole kikishuka.

"Kumi kati ya kumi na moja," akasema. "Mtoto amesoma."

"Naomba kuona nakala aliyokuwa nayo."

Alifungua daftari la kugawia vitabu. Kila nakala ilipigwa muhuri wa namba. Ya Nabwile ilikuwa ishirini na tatu. Aliitoa kabatini, akanipa. Jalada lilikuwa la kadibodi ya kijivu na kitambaa cheusi mgongoni, kazi yangu, na kwa mara ya kwanza sikutaka kuitambua. Niliinamisha kichwa cha kitabu nikahesabu mikunjo kwa ukucha. Moja, mbili, tatu. Nilifika kumi, na ukucha ukagusa jalada.

Nikahesabu tena kutoka upande wa pili.

"Mwalimu, hiki kimepungukiwa na fungu la nane."

"Panya?"

"Hapana. Fundi."

"Fundi gani huyo?"

"Mimi."

Nje kengele ililia, miguu ya wasichana ikapita mbio mbele ya dirisha. Mwalimu Sellah alisubiri kelele ziishe. Alichukua kitabu mkononi mwangu, akakifungua pale, akasoma mstari wa mwisho na mstari wa kwanza, mara mbili.

"Na mimi nimefundisha na nakala yangu ya kununua," akasema. "Nilisoma kwa sauti hiyo safari ya Moi's Bridge? Sikusoma. Niliwaambia wakaisome wenyewe jioni." Aliketi. "Ngoja."

Alitoa bahasha ya karatasi za mtihani. Waliochagua swali lile walikuwa kumi na tisa. Kumi na wawili walikuwa wamempeleka Bilha kwa mfanyabiashara wa mahindi wa Moi's Bridge, kama kitabu kinavyosema. Watatu walichoma hati. Wanne waliobaki walikuwa wameandika kwamba aliificha jikoni.

"Hawa wanne niliwapa sifuri nikaandika 'soma kitabu'," akasema. "Walikosa tu, hakuna aliyewashuku. Jotham, hawa wanne hawakuiona filamu."

"Huenda."

"Waliona mlango umefungwa, wakajaza wenyewe."

"Huenda, mwalimu. Tufungue kabati."

Tulianza na wale waliotia sahihi. Namba kumi na nne, ya Bilasio, ilikuwa na mafungu kumi. Nilipumua. Namba nane, ya Jeruto, nilihesabu mara tatu. Mafungu kumi na moja. Safari ya Moi's Bridge ilikuwemo, na kwenye pambizo mtu alikuwa amechora ua kwa penseli.

"Huyu basi hakusoma," akasema Mwalimu Sellah kwa sauti ya chini. "Au alimwangalizia Nabwile."

"Au walibadilishana vitabu bwenini. Au alisoma na filamu ikamshinda nguvu. Sijui."

"Kimaiyo atashika hapo."

"Atashika. Tuhesabu vingine."

Tulivichukua vilivyobaki kuanzia namba moja. Nilihesabu, yeye akaandika namba na jina. Vilivyo kamili tuliviweka kulia, vilivyopungua kushoto. Kazi hiyo haiwezi kuharakishwa. Mgongo uliokazwa gundi unaficha mkunjo, na mtu akikosea mara moja, hesabu nzima inakuwa ya kukisia. Nilikuwa tayari nimeharakisha mara moja na vitabu hivi.

Kabla ya saa kumi na nusu nilitoka mara moja mpaka kwenye benchi. Nilimwambia Nabwile mbele ya mama yake, kwa maneno machache, jambo nililolijua tangu jana.

"Ni wewe, khocha?"

"Ni mimi."

"Na jana ulijua?"

"Jana nilishuku."

Phelista alinitazama kama anayemtafuta mtu mwingine usoni mwangu. "Mtoto wangu amelia wiki nzima," akasema. "Nimeandika barua ya wizi kwa mkono wangu."

Nabwile alikwaruza ukucha kwenye benchi.

"Kwa hivyo hakuichoma kabisa?" akauliza mwishowe. "Alienda wapi?"

Nilimpa nakala yangu, imefunguliwa ukurasa wa 113. Aliichukua, akaenda kuketi kwenye ngazi ya chumba cha vitabu, na niliporudi ndani nilipita juu ya miguu yake.

Bwana Kimaiyo alikuja saa kumi na moja kasoro dakika tano, funguo mkononi. Ni mtu mrefu anayeongea bila kupaza sauti, na nadhani kwa hilo tunafanana. Alitazama mirundo miwili juu ya meza.

"Barua ya msichana iko wapi?"

"Kuna barua yangu, mwalimu." Nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi ya daftari, ikisema ni vitabu gani, nilivifunga lini, na nilikosea wapi. Aliisoma akiwa amesimama.

"Mmefungua vingapi?"

"Kumi na saba. Vitano vina upungufu."

"Na hao watatu?"

"Wawili vitabu vyao vimepungua. Wa namba nane chake ni kamili."

"Kwa hivyo huyo aliutoa wapi moto?"

"Bado sijajua."

"Unaniletea nusu ya habari, fundi."

"Ndiyo, mwalimu. Vimebaki ishirini na vitatu."

Mwalimu Sellah alimsogezea karatasi za wale wanne walioandika jikoni, na namba za vitabu vyao. Viwili tulikuwa tumeshavihesabu, na vyote viwili vilikuwa kwenye mrundo wa kushoto. Kimaiyo alichukua kimoja, akajaribu kuhesabu mikunjo, akapotea kwenye sita, akaanza upya. Nilimwonyesha jinsi ya kutumia ukucha. Alifika kumi. Akabaki akikishika.

"Wakaguzi wakisikia shule ilifanya mtihani na vitabu vya aina hii," akasema, "hawatakuja kwako."

"Wataisoma barua yangu."

"Wewe huna shule ya kupoteza."

Nilikuwa na shule sita, lakini sikumwambia. Alikunja barua yangu akaitia mfukoni. Kisha akatazama nje ya mlango, alikosimama Phelista na mkoba wake.

"Mama, hiyo barua yako kaa nayo. Usiitupe. Kesho saa moja nafungua hapa. Bodi inaketi saa tatu kamili, na mimi sitawaambia wasubiri vitabu."

"Saa mbili zinatosha?" Phelista aliniuliza.

Nilipiga hesabu. Vitabu kumi na saba vilikuwa vimetuchukua karibu saa tatu, lakini katikati tulikuwa tumesimama kuangalia karatasi za mtihani. "Tukianza saa moja," nikasema, "na kama hakuna atakayetusemesha."

"Mimi sitaongea," akasema dada yangu. Aligusa mkoba palipokuwa na barua, kuhakikisha ipo.

Nabwile alikuwa bado kwenye ngazi. Wingu lilikuwa limepunguza mwanga na alikuwa amekisogeza kitabu karibu na uso. Sote tulimsubiri anyanyuke ili mlango ufungwe.

"Kwa filamu alikuwa na hasira," akasema bila kuinua macho. "Hapa anaogopa njia yote. Anaona kila mtu anajua kile amebeba. Lakini bado anaenda tu."

"Ni ipi nzuri sasa?" Mwalimu Sellah alimuuliza.

"Ngoja kwanza, mwalimu. Hata hajafika Moi's Bridge."

Nilipasua kipande cha karatasi, nikakiweka juu ya kitabu cha kwanza ambacho hatukukihesabu, nikaandika juu yake: Tuanzie hapa. Mwalimu Sellah alivisukuma vitabu ndani ya kabati bila kuvichanganya, Kimaiyo akageuza ufunguo.